Ameniambia siri yake, na mama yake ndiye aliyenitukana

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku mwanangu akiwa amelala. Wiki ya nne sasa kila Ijumaa sipati usingizi, kwa sababu Jumamosi mabinti wangu wanakuja na mimi sijui nikae nao kwa uso gani.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 26. Miaka mitatu iliyopita ulikuja mradi mtaani kwetu, ukitafuta wanawake vijana wa kuwa walezi wa mabinti wa miaka 12 hadi 16. Tulifundishwa wiki mbili: mabadiliko ya mwili, hedhi salama, magonjwa ya zinaa na VVU, kuzuia mimba, kukataa unapolazimishwa, wapi pa kwenda ukifanyiwa ukatili, mpaka kuweka akiba. Mwaka jana fedha za mradi zikakata, wenyewe wakafunga ofisi. Tuliachiwa kitabu cha mwongozo na chati moja ya ukutani. Wenzangu watatu waliacha. Mimi nilishindwa kuacha, maana Jumamosi iliyofuata mabinti walikuja barazani kwangu kama kawaida, wakavua viatu, wakakaa.

Sasa wako 14. Tunaanza saa tisa alasiri kwa kushona taulo za kitambaa kwa vipande vinavyobaki kwenye kazi za wateja. Nimegundua kwamba mikono ikiwa na kazi, midomo inafunguka. Halafu tunafungua kopo. Ni kopo la maziwa ya unga nililolitoboa kifuniko. Mwenye swali analiandika bila jina na kulitumbukiza. Nimekutana na maswali humo, Shangazi! “Ni kweli ukiwa mwezini ukipita kwenye mchicha unakauka?” “Ziwa langu moja dogo, moja kubwa, ni ugonjwa?” “Mvulana akisema akinikosa atakufa, huwa wanakufa kweli?” Yote najibu. Moja tu sikulijibu. Liliandikwa kwa penseli: “Dada, wewe ukijitazama kwenye kioo unamwona nani?” Nililikunja nikalitia kwenye droo ya cherehani.

Ili unielewe: mwaka 2016 nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, shule ikanifukuza. Mwanangu sasa yuko darasa la tatu. Serikali iliporuhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shule, Novemba 2021, nilikuwa na miaka 22, namlea mtoto na cherehani ya mkopo. Sikurudi. Mabinti nimewaeleza mwenyewe tangu siku ya kwanza, na nimezoea kuwaambia, “Nitazameni mimi, kisha msiwe kama mimi.”

Sasa jambo lenyewe. Kuna binti wa miaka 15, nimwite Tatu, ingawa si jina lake. Mwezi uliopita alibaki nyuma akinisaidia kufagia nyuzi. Alianza kwa kuniapisha kwamba sitamwambia mtu yeyote. Nikaapa. Ndipo akaniambia kuna dereva wa bodaboda, mtu mzima, ambaye humpeleka shule bure. Amempa simu, na simu hiyo anaificha chini ya godoro. Siku hizi anamwambia aende akaone chumba alichopanga. Tatu anasema hajaenda. Aliniuliza huku ameshika ufagio: “Dada, nikikataa si atasema nimekula vyake?” Nilimwambia asiende. Zaidi ya hapo nilikosa maneno.

Haikupita wiki, mama yake akakuta daftari lake lenye mchoro wa mfuko wa uzazi. Alikuja barazani nikiwa na wateja wawili, mmoja nampima kiuno, akalirusha daftari mezani. “Aliyefukuzwa shule kwa mimba ndiye wa kumfundisha mwanangu kujiheshimu? Mwanangu ana somo wake, wakati ukifika ataambiwa. Wewe unawafungua macho tu.” Sikujibu. Niliendelea kupima, na namba nikaiandika siyo. Gauni lile ilibidi nilifumue lote.

Tatu bado anakuja kwa kuiba, nyumbani anaaga kwamba anakwenda tuisheni.

Nikimwambia mama yake kuhusu bodaboda, ataona nalipa kisasi. Tatu atapigwa, na wale wengine 13 watajua mdomo wangu hauna kifuniko. Nikinyamaza na mtoto akapatwa na jambo, sitajisamehe. Mara nyingine nawaza niache yote haya, maana yule mama kasema kweli, mimi ni nani? Hata mama yangu mzazi ananiambia nishone nguo za watu niachane na watoto wa watu. Nifanyeje, Shangazi?

Fundi wa Barazani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Umenipa mambo matatu yaliyoshonwa pamoja: siri ya Tatu, matusi ya mama yake, na lile swali lako mwenyewe, “mimi ni nani?” Nakuona unayavuta yote kwa mkupuo, ndiyo maana hulali. Tuyafumue moja moja, na tuanze na Tatu, kwa sababu mengine yanaweza kungoja na la kwake haliwezi.

Umeniandikia kana kwamba una njia mbili tu, kusema au kunyamaza. Na kusema kwenyewe umekuona kwa sura moja, wewe umesimama mbele ya yule mama huku Tatu hana habari. Hebu turudi pale kwenye ufagio. Mtoto mwenye jambo la kuficha kabisa hakawii baada ya wenzake kuondoka. Tatu alikuapisha kwanza halafu akasema, na neno lake la mwisho lilikuwa swali. Mimi naona alikuwa anaomba msaada, na kiapo aliweka kwa sababu ya woga wa kipigo na aibu. Kama ndivyo, kuna mlango ambao hujaujaribu. Mrudie Tatu mwenyewe. Umwambie ukweli wako: “Niliapa haraka. Tangu siku ile nina hofu juu yako, na peke yangu sikutoshi. Nataka tumtafute mtu mzima mmoja wa kutusaidia, na wewe ndiye utakayesema nani.” Huenda akamtaja shangazi yake, bibi, au huyo somo ambaye mama anamwamini. Huenda akamtaja mwalimu wa malezi shuleni. Anaweza pia kukasirika asije Jumamosi mbili, na hilo ujiandae nalo, maana litauma.

Na lile swali lake lijibu. “Nikikataa si atasema nimekula vyake?” Mwanangu, hapo ndipo penye somo lote la kujithamini, kuliko ukurasa wowote wa kile kitabu cha mwongozo. Mtoto huyu tayari anajihesabu kuwa ni mdaiwa. Lifti za asubuhi na simu vimekuwa deni, na malipo anayoyaona ni mwili wake. Anahitaji mtu amwambie wazi, tena zaidi ya mara moja, kwamba mtu mzima akimpa mtoto kitu, mtoto hadaiwi. Simu inaweza kurudishwa na mtu mzima mwingine, asiirudishe peke yake. Na sheria ajue inasemaje: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu mzima akilala na binti wa chini ya miaka 18 ambaye si mkewe amebaka, hata binti awe amekubali. Usimwambie hili kumtisha. Mwambie ili mzigo utoke kwake uende kwa mwenye nao.

Kuna jambo lazima umuulize kwa upole, na ukimuuliza uso wako usibadilike. Amesema hajaenda kwenye kile chumba. Mabinti wengi husema hivyo kwanza. Mwache ajue kwamba hata kama amekwenda, bado ni Tatu yule yule, na kuna mambo yana saa zake: dawa ya kuzuia VVU isizidi saa 72 tangu tendo, ya dharura ya kuzuia mimba isizidi saa 120, na zote zikiwahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kupima VVU, tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mwenye miaka 15 anaridhia mwenyewe. Mambo haya ulifundishwa, najua. Nayarudia kwa sababu hofu husahaulisha.

Kumwambia mama moja kwa moja nako kuna uzito wake. Ni mzazi, ndiye analala nyumba moja na huyo mtoto, na huenda akawa ngao kuliko unavyomdhania. Hatari yake umeitaja mwenyewe: kipigo, na jinsi atakavyolipokea likitoka kinywani mwako. Afisa ustawi wa jamii anaweza kukaa kati yenu ili lisiwe la fundi na mama Tatu. Dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa ajili ya mtu kama huyo dereva, ila jambo likifika kule mtaa mzima unaweza kujua kabla ya jioni, na Tatu aandaliwe kwa hilo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, na unaweza kupiga wewe mwenyewe kuuliza tu, kabla hujaamua lolote. Ningekuwa karibu ningekaa nawe wakati unapiga.

Ila kunyamaza sitakuficha ninavyokuona. Yule mtu ameshafika kwenye chumba. Unaposema unalinda kiapo, jiulize kwa utulivu ni nani hasa analindwa na kiapo kile kwa sasa. Mimi sikuamulii. Ninachokuomba ni kwamba siku zisikuamulie.

Kuhusu wale 13, na hapa sioni kosa lako peke yako maana wengi tumelifanya, ahadi ya siri isiyo na mpaka haipaswi kutolewa kwa mtoto. Jumamosi moja waambie wote, bila kumgusa Tatu: “Mnayoniambia nitayahifadhi. Isipokuwa mmoja wenu akiwa hatarini, hapo nitatafuta msaada, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kujua.” Unaogopa wataacha kukuamini. Baadhi watapunguza kusema kwa muda. Lakini fikiria na yule ambaye anatamani mtu mzima aingilie kati na hajui kuomba.

Sasa mama yake. Maneno yale yalikuwa makali, na aliyasema mbele ya wateja, kwenye riziki yako. Una haki ya kuumia. Lakini mtu aliyekuja na daftari mkononi amekuja na hofu pia. Hapa Tanzania, utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Mama huyo hakusoma utafiti, anaishi mtaani na anaona. Na mchoro ule kwake haukuwa somo la afya, ulikuwa dalili kwamba jambo limeshaanza. Wazazi wengi wanaamini kumwambia mtoto ni kumtuma. Tafiti zilizopitiwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya mwongozo wake wa 2018 wa elimu ya jinsia zinaonyesha vingine, kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono, na inaweza hata kuwachelewesha. Lakini sidhani kama mama Tatu atageuzwa na UNESCO. Anaweza kugeuzwa na lile kopo lako.

Nakuuliza kwa mapenzi: tangu mradi ufungwe, ni mzazi gani umemkaribisha barazani akaona mnachofanya? Wakati wa mradi nadhani kulikuwa na fomu za ridhaa na mkutano wa wazazi. Baada ya hapo mabinti walikuja wenyewe, wakavua viatu, ukawapokea. Ulifanya jambo jema. Lakini mama anayegundua habari za mwili wa mwanawe kwenye daftari, bila kuulizwa, ana dai lake pia, tofauti na tusi alilokutukana. Na Tatu kuja kwa kuiba kunakuweka mahali pabaya: siku akikutwa kwenye pikipiki, jibu la nyumbani litakuwa “alikuwa kwa fundi”. Katika yote haya, hilo la tuisheni ndilo linalonitisha zaidi baada ya kile chumba.

Tena amekutajia somo. Hilo usilipite. Pwani yetu binti akivunja ungo hupewa somo, mwanamke asiye mama yake, wa kumwambia yale ambayo mama anaona haya kuyatamka. Unachofanya barazani ni kazi hiyo hiyo, imeongezwa VVU, sheria na akiba. Kuna tofauti moja kubwa na ningependa uishikilie: katika unyago mwingi binti hufundwa kwa ajili ya mume atakayekuja, wakati wewe unamfunda kwa ajili yake mwenyewe. Hata hivyo huyo somo si adui yako. Unaweza kumwendea na kile kitabu cha mwongozo na vipande vyako vya taulo, umsikilize anafundisha nini, umwonyeshe unachofundisha. Anaweza akakufukuza. Anaweza pia akaketi nawe Jumamosi moja, na mtaa ukaona. Bila yeye, yupo muuguzi wa zahanati, au mama wa mmoja wa wale mabinti 14 ambaye hakugombi. Sijui nani atakufaa. Najua kwamba mlezi mmoja peke yake na mabinti 14, bila mtu wa kumpumzikia, ni mzigo ambao hata mradi wenye fedha haukukupa.

Umenitajia kuacha. Mama yako mzazi hakukosea kukuonea huruma, na kama umechoka, kuchoka si dhambi. Ila nikupe jambo la kuliweka kwenye mizani. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana zaidi ya 1,000 katika mpango wa walezi wa kujitolea. Waliokaa na mlezi mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Lakini wale ambao ulezi ulikatika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, thamani waliyojiona nayo ilishuka. Wewe umekaa nao miaka mitatu, kwa hiyo huko nyuma hakipotei kitu. Ninachosikia katika matokeo yale ni kwamba mtoto akiachwa ghafla hutafuta kosa kwake. Ukiamua kuacha, wape tarehe, wape sababu ya kweli, na wajue wamwendee nani. Ukiamua kupunguza, ikawa Jumamosi mbili kwa mwezi, hilo nalo ni jibu halali kabisa.

Nimeliacha lako mwisho kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi. “Nitazameni mimi, kisha msiwe kama mimi.” Naelewa kwa nini unasema hivyo. Unataka kuwa mkweli, na unataka wasiumie ulipoumia. Lakini jiweke kwenye mkeka, uwe binti wa miaka 13, umsikie dada unayempenda kuliko walimu wako wote akisema hivyo kila wiki. Anachosikia ni kwamba msichana akipata mimba amekwisha, hata akiwa hodari kama dada. Na kama kati yao yupo ambaye limeshamfika, au litamfika mwezi ujao, unadhani atabaki kufagia nyuzi akusimulie? Mwongozo ulikutaka uwe mkweli, na ukweli ni mpana kuliko ule mwaka 2016. Mtoto wako kufika darasa la tatu ni ukweli. Cherehani ya mkopo ni ukweli. Kwamba shule ilikufukuza badala ya kukushika ni ukweli pia, na kosa la shule si lako. Unaweza kuwasimulia yote, na yale unayojutia, bila kujitia kwenye kapu la vilivyoharibika.

Sitakuambia kwamba yaliyokupata yanakufanya mlezi bora, maana sijui, na maumivu peke yake hayamfundishi mtu. Lakini angalia anayoyasema yule mama na unayoyasema wewe barazani. Yametofautiana ukali tu. Yeye aliyasema mara moja.

Ile karatasi ya penseli bado iko kwenye droo? Itoe. Sikwambii uijibu Jumamosi hii, wala mbele ya wote. Lakini mmoja wa wale 14 aliiandika, kila wiki anakuona unafungua kopo, na mpaka leo hajasikia swali lake likisomwa. Ukipata la kumjibu, niandikie na mimi. Na kuhusu Tatu niandikie hata kabla ya hapo.

Shangazi yako